Coral Way, Miami: shule ya lugha mbili iliyoigwa jina, ratiba ikaachwa

Septemba 1963, Shule ya Msingi Coral Way mjini Miami, Florida, ilipokea watoto wapatao 350 wa darasa la kwanza hadi la tatu kwa mpango ambao shule nyingine za serikali Marekani hazikuwa nao wakati huo. Siku ya masomo iligawanywa kati. Watoto wa wakimbizi kutoka Kuba walisoma kwa Kihispania kabla ya chakula cha mchana, na kwa Kiingereza baada yake. Wenzao waliozungumza Kiingereza nyumbani walifuata mpangilio huohuo kinyumenyume: Kiingereza asubuhi, Kihispania mchana. Haikuwa shule ya mabalozi wala ya kulipia. Ilikuwa shule ya mtaa chini ya bodi ya shule za Kaunti ya Dade, na watoto waliosoma pale ni wa nyumba za jirani.

Tangu hapo shule hiyo imetajwa mara nyingi kama chimbuko la elimu ya kisasa ya lugha mbili Marekani. Maelfu ya shule zimejiita za lugha mbili baada yake. Lakini ukichungulia ndani ya nyingi kati ya hizo, unakuta kilichochukuliwa ni jina na kibao cha getini. Kilichoifanya Coral Way ifaulu ni mambo ambayo mgeni wa siku moja hayaoni: walimu waliofanya kazi wawili wawili, saa iliyotengwa ya kupanga pamoja, na wazazi wa pande zote mbili walioona lugha zote mbili kuwa ni mali. Kwetu Afrika Mashariki, ambako kila baada ya miaka michache tunarudi kwenye mabishano ya Kiswahili na Kiingereza, naona mambo hayo yanastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko swali la lugha ipi ishinde.

Kwanza turekebishe jambo moja. Si kweli kwamba Coral Way ndiyo shule ya kwanza ya serikali ya lugha mbili katika historia ya Marekani. Jimbo la Ohio lilipitisha sheria mwaka 1839 iliyoruhusu Kijerumani kufundishiwa pale wazazi walipoomba, na mwaka uliofuata mji wa Cincinnati ukaanza shule za Kijerumani na Kiingereza zilizodumu kwa miongo mingi. Zilivunjwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, Kijerumani kilipogeuka lugha ya adui. Majimbo mengi yakapiga marufuku lugha za kigeni katika shule za msingi. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri lililotoka Nebraska, kwamba marufuku kama hiyo inavunja katiba, lakini shule zilikuwa zimeshafungwa na walimu wameshatawanyika. Kwa hiyo Coral Way ilifufua kitu kilichouawa. Shule ya lugha mbili hufa upesi pale siasa inapobadilika, na kuifufua kunaweza kuchukua miaka 40.

Sasa tuje Miami yenyewe. Mapinduzi ya Fidel Castro yalishinda Januari 1959. Hadi Oktoba 1962, ndege za abiria ziliposimama kwa sababu ya mgogoro wa makombora, Wakuba zaidi ya laki mbili walikuwa wamevuka kwenda Marekani, na wengi walitua Miami. Miongoni mwao walikuwemo watoto zaidi ya 14,000 waliosafirishwa bila wazazi kati ya mwishoni mwa 1960 na Oktoba 1962, katika mpango ulioendeshwa na Kanisa Katoliki kwa kushirikiana na serikali ya Marekani. Shule za Dade zilijikuta na madarasa yaliyojaa watoto ambao mwalimu hawezi hata kuwauliza jina la baba. Februari 1961 serikali ya Rais Kennedy ilianzisha mpango wa wakimbizi wa Kuba, na sehemu ya fedha zake ikaenda kulipia masomo ya watoto hao.

Kuna mambo matatu kuhusu wakimbizi hawa ambayo hueleza kwa nini shule iliwezekana. La kwanza ni tabaka lao. Waliotoka Kuba mwanzoni walikuwa kwa sehemu kubwa wenye elimu: wanasheria, madaktari, wahasibu, na walimu. Walimu hao walifika bila vyeti vinavyotambulika Florida, lakini walikuwa walimu kamili. Wengi walianza kama wasaidizi wa darasa huku wakisomea leseni, na Chuo Kikuu cha Miami kilikuwa na mafunzo kwa ajili yao. Shule nyingi duniani zinazotaka kuwa za lugha mbili hukwama kwa kukosa walimu wa lugha ya pili. Miami walikuwepo, tena wengi wao wakifanya kazi za viwandani na hotelini zisizolingana na elimu yao.

La pili ni siasa ya Vita Baridi. Mkuba aliyemkimbia Castro alikuwa mgeni wa heshima, kwa hiyo na lugha yake ikapewa kiti. Linganisha na Texas, ambako watoto wa asili ya Meksiko walizungumza Kihispania hichohicho. Sheria ya mwaka 1918 ilifanya kufundisha kwa lugha isiyo Kiingereza kuwa kosa, na ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Watoto waliadhibiwa kwa kusema Kihispania uwanjani. Lugha ni ileile na nchi ni ileile, ila thamani ya anayeisema ndiyo iliyotofautiana. Aliyesoma Kenya na kuvalishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya kwao, au Tanzania katika sekondari yenye bango la kuamrisha Kiingereza getini, hahitaji kuelezwa zaidi hapa.

La tatu ndilo ninaloliona kuwa na uzito kuliko yote, ingawa huzungumzwa kidogo: wazazi hawakukusudia kukaa. Waliamini Castro angeanguka ndani ya miezi au mwaka, na watoto wangerudi Havana kuendelea na masomo. Shule iliyomfuta mtoto Kihispania ingempeleka nyumbani akiwa mjinga wa kusoma. Hivyo Kihispania hakikuwekwa pale kama daraja la kuvukia kwenda kwenye Kiingereza kisha kivunjwe. Kiliwekwa kama lugha ya kusomea, kuandikia na kufikiria hesabu. Safari ya kurudi haikutokea, lakini matarajio yale yaliipa shule umbo ambalo mipango mingi iliyofuata haikuwa nalo.

Wazazi wa Kimarekani wa mtaa ule nao walikuwa na hesabu zao. Miami ilikuwa ikitazama kusini, kwenye biashara na usafiri wa Amerika ya Kilatini, na mtoto anayejua Kihispania angekuwa na kazi. Mwanzoni mzazi alipewa hiari ya kumwacha mwanawe katika mkondo wa Kiingereza pekee. Waliotaka hivyo walipungua upesi, na mkondo huo ukaondolewa. Kila mwaka darasa moja liliongezwa, na kufikia 1966 mpango ulikuwa umefika darasa la sita.

Ratiba ilivyofanya kazi

Fedha za kuanzia zilitoka Taasisi ya Ford. Aliyeongoza mradi alikuwa Pauline Rojas, aliyewahi kusimamia ufundishaji wa Kiingereza Puerto Rico, akisaidiana na Ralph Robinett. Mwalimu mkuu alikuwa Lee Logan. Upande wa Wakuba, Rosa Inclán na Herminia Cantero ni miongoni mwa waliobeba mzigo wa mafunzo na maandalizi. Kiangazi cha 1963, kabla ya shule kufunguliwa, walimu wa lugha zote mbili walikaa pamoja kwa wiki kadhaa kujifunza namna ya kufundisha lugha ya pili na kuandaa masomo. Shule inayoanza bila wiki hizo huanza na walimu wasiojuana.

Mpangilio wenyewe ulikuwa hivi. Madarasa mawili ya rika moja yaliunganishwa kuwa jozi: moja la watoto wa Kihispania, jingine la watoto wa Kiingereza. Jozi ilikuwa na walimu wawili, kila mmoja akifundisha kwa lugha yake tu. Asubuhi mwalimu wa Kihispania yuko na watoto wa Kihispania, wa Kiingereza na wa Kiingereza. Dhana mpya hufundishwa wakati huo, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa bila kukamia. Katikati ya siku watoto wote huchanganywa katika chakula, muziki, sanaa na michezo, na humo lugha huachwa zipate njia zenyewe. Baadaye walimu hubadilishana makundi, na yaliyofundishwa asubuhi hurudiwa kwa lugha ya pili. Darasa la kwanza halikutupwa kwenye nusu kwa nusu siku ya kwanza. Muda wa lugha ya pili ulianza mdogo ukakua mwaka ulivyosonga. Watoto walipofika madarasa ya juu waliweza kukaa pamoja na kusomeshwa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Angalia hesabu ya watumishi. Jozi ya madarasa mawili inahitaji walimu wawili, idadi ileile ambayo shule ya lugha moja ingekuwa nayo. Watu wengi hupinga elimu ya lugha mbili kwa kudhani inataka walimu mara mbili, na si kweli. Gharama ya ziada iko kwingine: vitabu seti mbili, mafunzo ya kabla ya kufungua, na wasaidizi.

Wasaidizi hao, ambao wengi walikuwa walimu wa Kuba wasio na leseni bado, ndio siri ya ratiba. Walipokuwa na watoto kwenye muziki, sanaa na michezo, walimu wa jozi walipata muda wa kukaa pamoja. Kikao hicho kikikosekana, mwalimu wa mchana hajui asubuhi kumefundishwa nini. Ama anarudia somo lilelile neno kwa neno na watoto wanachoka, ama anaanzisha jambo jipya kwa lugha ambayo mtoto bado anaitafuta, na mtoto anapotea mara mbili: somo halijui, lugha haijui.

Chukua somo la vitu vinavyoelea na vinavyozama. Asubuhi mwalimu wa lugha ya kwanza ana beseni la maji, kizibo, msumari, jiwe na kipande cha mti. Watoto wanabashiri, wanajaribu, wanabishana kwa nini msumari mdogo unazama na gogo kubwa linaelea. Ubishi huo ndio somo, na hauwezekani kwa lugha ambayo mtoto ana maneno 50 tu. Mchana mwalimu wa lugha ya pili hatafsiri. Analeta beseni lilelile na vitu vipya, tuseme ganda la nazi, sarafu, mshumaa na kijiko, na anataka sentensi tatu au nne tu: hiki kitaelea, hiki kitazama, nadhani, kwa sababu. Mtoto tayari anajua jambo lenyewe. Kilichobaki ni kulivalisha lugha. Msamiati wa siku ni maneno sita hadi nane, na lazima walimu wawili wawe wamekubaliana yapi kabla ya siku hiyo kufika.

Kosa linaloua mpango huu mapema kuliko mengine ni mwalimu kutafsiri papo hapo. Akisema sentensi kwa lugha ya pili kisha akairudia kwa lugha ya kwanza, baada ya wiki mbili watoto wameshajua kungoja. Wanafunga masikio hadi lugha yao ifike. Ndiyo maana utaratibu wa mwalimu mmoja lugha moja una nguvu: mtoto humhusisha mtu na lugha, na hatazamii msaada mwingine. Huko kwetu kuchanganya Kiswahili na Kiingereza darasani hutokana na huruma ya mwalimu kwa wanafunzi wasioelewa, na huruma hiyo naiheshimu. Lakini mwanafunzi hutoka na Kiingereza cha kunakili ubaoni na Kiswahili cha maelezo ya haraka, asiweze kuandika insha ya sayansi kwa lugha yoyote.

Vitabu vilikuwa tatizo la kila wiki. Vitabu vya Kihispania vilivyokuwepo viliandikiwa watoto wa nchi nyingine, kwa mitaala mingine. Hata hesabu ina mitego. Shule za nchi nyingi zinazosema Kihispania huandika mgawanyo wa kirefu kwa mpangilio tofauti na ule wa Marekani, kigawanyo kikiwa upande mwingine, na vipimo vyake ni vya mita na kilo, wakati Marekani inatumia futi na ratili. Mtoto anayefundishwa njia mbili kwa siku moja bila mtu kumwambia kuwa ni njia mbili za jambo moja, atakosea zote. Kundi la Rojas na Robinett lilitunga pia vitabu vya kusomea kwa wanaoanza Kiingereza, ambavyo baadaye vilitumika nje ya Miami.

Sisi tuna mtego wetu unaolingana na huo: saa. Kwa Kiswahili siku huanza alfajiri, saa moja asubuhi. Kwa Kiingereza saa hiyohiyo ni ya saba, na mshale wa saa unaonyesha namba 7. Mtoto wa darasa la pili anayefundishwa kusoma saa na walimu wawili wasiopanga pamoja atasoma uso mmoja wa saa kwa namna mbili na kuambiwa amekosa kila upande. Walimu wanaopanga huamua: wiki hii saa ya Kiswahili hadi mtoto aijue bila kusita, wiki ijayo ya Kiingereza, na siku moja maalumu ya kuziweka pamoja na kuonyesha tofauti ya saa sita.

Upande wa kusoma, Kihispania kina bahati ambayo Kiswahili nacho kinayo: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika silabi, ma me mi mo mu, anasoma neno lolote hata asilolijua. Kiingereza hakimpi nafasi hiyo. Kwa hiyo mtoto anayejifunza kusoma kwanza kwa Kihispania au Kiswahili anapata mapema jambo kubwa kuliko herufi, yaani kujua kwamba maandishi yana maana na kwamba yeye anaweza kuyafungua. Anapoingia kwenye Kiingereza anabeba ujuzi huo. Hafundishwi kusoma upya, anafundishwa tahajia ngumu. Wanaong'ang'ania mtoto aanze moja kwa moja na Kiingereza ili asichelewe wanamchelewesha.

Matokeo, na waliobaki nje

Tathmini inayojulikana zaidi ya miaka ile ya mwanzo ilifanywa na Mabel Richardson, aliyewasilisha tasnifu yake Chuo Kikuu cha Miami mwaka 1968. Alilinganisha watoto wa mpango huo na watoto waliosoma kwa Kiingereza pekee. Baada ya miaka mitatu, watoto wa Coral Way hawakuwa nyuma katika Kiingereza wala hesabu, ingawa walitumia takriban nusu ya siku kwa lugha nyingine. Hofu kubwa ya wazazi, kwamba mtoto atapoteza masomo, haikuthibitika. Lakini tathmini ilionyesha pia kwamba watoto hawakuwa wamefikia kiwango sawa katika lugha zote mbili. Lugha ya pili ilibaki nyuma ya ya kwanza.

Jambo hilo la mwisho watetezi wengi hulipitia haraka, nami nadhani ni la kukaa nalo. Kiingereza kilikuwa na televisheni, duka, ofisi na mitihani nyuma yake. Mtoto wa Kikuba alipotoka shuleni saa tisa alikutana na Kiingereza kila kona. Mtoto wa Kimarekani alipotoka, Kihispania kilibaki darasani. Nusu kwa nusu kwenye ratiba haimaanishi nusu kwa nusu maishani, na shule inayotaka usawa italazimika kuipa lugha dhaifu zaidi ya nusu.

Kuna watoto ambao hawakuwemo kabisa. Mwaka 1963 Miami ilikuwa bado mji wa ubaguzi. Mahakama Kuu ilikuwa imeamua mwaka 1954 kwamba shule za kutenganisha watoto kwa rangi ni kinyume cha katiba, lakini kaunti ya Dade ilianza kufungua mlango mwaka 1959 tena kwa kiasi kidogo sana, katika shule ya Orchard Villa. Watoto weusi wa mitaa ya Overtown na Liberty City mjini Miami, raia waliozaliwa pale, waliendelea kusoma katika shule zao zilizotengwa na zenye vifaa duni. Watoto wa Kuba waliofika jana waliingizwa katika shule za wazungu. Wazazi weusi waliliona hilo na walilisema. Ukiisifu Coral Way bila kutaja hili unaisifu nusu, maana uzuri wa shule ile ulikuwa watoto wa makundi mawili kukaa pamoja kama sawa, na kundi la tatu, lililoishi umbali wa dakika chache kwa gari, halikuitwa. Shule za lugha mbili za leo Marekani zinabeba lawama ya namna hiyo pia: mtaa unapanda kodi, wazazi wenye uwezo wanagombea nafasi, na familia za wahamiaji zilizoifanya shule iwezekane zinahamia mbali.

Kilichofuata kitaifa kilipindisha wazo. Sheria ya Elimu ya Lugha Mbili ilipitishwa mwaka 1968, ikisukumwa na Seneta Ralph Yarborough wa Texas. Fedha zake ziliwalenga watoto maskini wasiojua Kiingereza vizuri. Nia ilikuwa njema. Lakini lugha ya nyumbani ikageuka alama ya upungufu: mtoto anapewa Kihispania kwa sababu hajui Kiingereza, na akishakijua ananyang'anywa. Watoto wa Kiingereza hawakuwemo, kwa hiyo wazazi wao hawakuwa na sababu ya kuutetea mpango ulipopingwa. Coral Way ilikuwa na wazazi wa pande zote mbili waliokuwa tayari kusimama mbele ya bodi.

Miami yenyewe haikupona. Mwaka 1973 makamishna wa kaunti waliitangaza Dade kuwa ya lugha mbili. Mwaka 1980, baada ya watu wapatao 125,000 kuingia kwa mashua kutoka bandari ya Mariel nchini Kuba ndani ya miezi michache, wapiga kura walipitisha amri ya kuzuia fedha za kaunti kutumika kwa lugha isiyo Kiingereza au kukuza utamaduni usio wa Marekani. Ilifutwa mwaka 1993. Shule ziliendelea kwa sababu zilikuwa chini ya bodi yake, si ya makamishna. Tofauti hiyo ya nani anasaini hundi iliiokoa shule kuliko utafiti wowote.

Yanayotuhusu

Tukichukua Coral Way kama ilivyo na kuipandikiza Temeke au Kisumu, haitaota. Miami ilikuwa na watoto wa lugha mbili katika mtaa mmoja, kila kundi likimfundisha mwenzake uwanjani. Dar es Salaam haina nusu ya darasa inayozungumza Kiingereza nyumbani. Shule za msingi za serikali za mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond, hutumia Kiingereza kwa masomo yote isipokuwa Kiswahili chenyewe. Si shule za lugha mbili kwa maana ya Miami. Shule nyingine za serikali hufanya kinyume: Kiswahili miaka yote ya msingi, Kiingereza kama somo, kisha kidato cha kwanza kila kitu kinageuka ghafla. Kenya hugeuza mapema, darasa la nne, baada ya miaka mitatu ya lugha ya eneo au Kiswahili mijini, na shule nyingi hazisubiri hata hapo. Zanzibar iliamua katika sera yake ya mwaka 2006 kwamba hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nchi zote hizi zinabishania mwaka wa kugeuza. Coral Way haikuwa na mwaka wa kugeuza. Ilikuwa na saa ya kubadilishana, kila siku, kwa miaka sita mfululizo, na lugha ya kwanza haikutolewa darasani.

Hilo la kubadilishana linawezekana kwetu bila watoto wa lugha mbili, mradi walimu wawili wapatikane: mmoja anayefundisha kwa Kiswahili fasaha, mwingine ambaye Kiingereza chake kinatosha kuendesha somo zima bila kukimbilia tafsiri. Shule yenye mikondo miwili ya darasa la tatu inao walimu wawili tayari. Wanabadilishana vyumba katikati ya siku. Hakuna mshahara wa ziada.

Kikwazo halisi ni idadi ya watoto. Kipindi cha mazungumzo cha dakika 30 kina sekunde 1,800. Darasani wakiwa 30, kila mtoto anaweza kusema kwa dakika moja. Wakiwa 90, kila mmoja ana sekunde 20, na hiyo ni kama mwalimu hatasema neno. Lugha ya pili haijifunzwi kwa sekunde 20 kwa siku. Katika shule iliyojaa, kipindi cha lugha ya pili lazima kigawanywe: theluthi moja ya darasa na mwalimu mbele wakizungumza, theluthi mbili wakiwa na kazi ya kuandika au kusoma chini ya msaidizi. Tunarudi palepale kwa msaidizi. Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa ualimu ambao hukaa mitaani wakingoja ajira. Miami iliwachukua watu wa namna hiyo, ikawalipa kama wasaidizi, ikawaandaa kwa leseni.

Mtihani nao unahitaji kuamuliwa kabla ya siku ya kwanza. Mtihani wa mwisho ukiwa wa lugha moja, kila Januari walimu huanza kukopa vipindi vya lugha nyingine kwa ajili ya mazoezi, na kufikia darasa la juu kabisa lugha ya pili imebaki jina kwenye ratiba. Namna ya kuzuia ni kutahini kila somo kwa sehemu mbili tangu darasa la tatu, sehemu moja kwa kila lugha, na kuandika alama zote mbili kwenye ripoti ya mtoto ili mzazi azione. Kisha kuna mwalimu anayeugua. Katika shule ya kawaida mwenzake anashika darasa. Katika jozi, mwenzake hana lugha hiyo, na siku nzima ya lugha moja inapotea. Shule yenye jozi nne inahitaji angalau mwalimu mmoja wa akiba kwa kila lugha. Halmashauri ikisema haina fedha za mtu huyo, basi ianze na jozi moja ya darasa la kwanza, iongeze darasa moja kila mwaka kama walivyofanya Miami, na iweke kwenye ratiba ya walimu, kwa wino, saa ya kupanga pamoja ambayo mwalimu mkuu haruhusiwi kuigusa kwa kikao kingine chochote.